Waya Nilioufunga Chini ya Kiti

Sipendi kuwapangishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wakija Shirere wanakuja na godoro, jiko la gesi na ujinga wote wa nyumbani, na kazi ya kuwaondolea ujinga huo huniangukia mimi mwenye ploti. Ndiyo maana mwezi wa nne mwaka huu, nilipopita mlango wa chumba namba tano nikaona Tabitha amechomeka kalamu ya biro kwenye tundu la juu la soketi ili chaja yake ya miguu miwili iingie, nilimfokea mpaka majirani wakatoka. Kalamu hiyo husukuma vile vilango vya ndani ya soketi vikafunguka. Kila mtu anajua mchezo huo, na karibu kila mtu huucheza. Tabitha hakunijibu vibaya. Alichomoa kalamu, akaniambia kwa ule upole wake unaokera, "Anti, wewe unaogopanga stima kama mtu aliyeiona ikiua." Nikamwambia mimi ni fundi wa umeme tangu yeye hajajua kutembea, na kwamba siogopi, naheshimu. Akaitikia kwa kichwa. "Mama yangu alikufa na stima," akasema. "Kule Matete. Alishika mlango wa gari la kliniki, lile la wazungu lilikuwa na kitanda na jiko ndani. Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Lakini haikuwa stima tu. Ilitumwa. Mke mwenzake ndiye aliituma."

Nilimwambia nimeacha chai jikoni. Sikuwa nimeacha chai yoyote. Niliingia kwangu nikakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya meza, nikaona jinsi ilivyozeeka, na nikajisikia vibaya mno, vibaya kuliko nilivyojisikia siku yenyewe. Kwa miezi yule msichana alikuwa amelala hatua kumi kutoka kitanda changu, akiniomba chumvi, akiniletea ndizi kutoka kwao, na sikuwahi kumuuliza mama yake ni nani. Watu wakiniuliza nimejifunzia wapi kazi hii huwa nawatajia chuo. Uongo. Nilijifunza katika mwaka mmoja kabla ya chuo, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na mwaka huo sijawahi kumsimulia mtu. Nilikozaliwa na tulikuwa wangapi nyumbani havina kazi hapa, kwa hiyo naviruka.

Mwaka ule nilikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye gereji ya Mzee Mukhwana, nyuma ya soko la Kakamega mjini. Ilikuwa banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa oili, na katikati palikuwa na tairi la trekta ambalo Mzee alilifanya kiti chake. Saa nne kila siku alikaa juu yake akanywa chai ya rangi kwa viazi vitamu vilivyochemshwa, na saa hiyo ndiyo alipofundisha. Somo lake lilikuwa moja. "Bodi ni negativu," angesema, akilionyesha gari lolote lililokuwa mbele yake kwa kiazi. "Ukijua hilo, umemaliza." Alikuwa na maana hii: kwenye gari, waya mmoja tu ndio unaotoka kwenye betri kwenda kwenye taa, na moto hurudi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Taa ikififia, tafuta mahali waya wa kurudi uliposhikana na bodi, kwangua kutu, kaza nati, nenda nyumbani. Nilikuwa hodari wa hilo. Wateja walikuja wakimtafuta Mzee, wakaondoka wakiniita mimi, na nilikuwa na kiburi kwa hilo, sifichi. Nilivaa ovaroli ya bluu na gambuti nyeusi zilizofika magotini, na sikuzivua isipokuwa kwenda kulala.

Lile gari lililetwa mwanzoni mwa mwaka. Lilikuwa refu, jeupe, lenye madirisha ya mapazia, na watu walilizoea kwa jina moja tu, Nyumba. Wazungu wawili waliokuwa wakichunguza ndege msituni walikuwa wameishi ndani yake, na walipomaliza ndege wao wakaliachia kanisa moja, nalo kanisa likaligeuza kliniki ya akina mama na watoto, ya kuzunguka sokoni hadi sokoni. Aliyekuwa na kliniki hiyo ni Sista Nekesa, muuguzi mnene, mwenye miwani, mwenye sauti ya kuamrisha hata akikuomba maji. Aliniingiza ndani akanionyesha kila kitu kana kwamba ni nyumba yake ya ndoa: sinki dogo, jiko la sahani mbili, friji ya chanjo, viti virefu vya bluu ambavyo ukivifunua kifuniko unakuta kasha chini, na chini kabisa zulia la rangi ya maziwa. Lile zulia alilipenda. Nje ya mlango aliweka beseni na jagi la maji, na akina mama walivua viatu kwenye nyasi, wakaosha miguu, wakapanda. Hakuna aliyewaagiza. Nani huku kwetu ataingia na matope kwenye zulia la mwenzake? Ukifika ukaona patipati zimepangwa mstari nje, unavua zako unapanga. Mimi fundi tu niliruhusiwa kupanda na gambuti zangu, nikizipangusa kwanza kwenye nyasi.

"Linatekenya," Sista akaniambia. "Akina mama wakishika mlango linawatekenya mkono. Si uchungu, lakini hawapendi."

Nilifunua kiti cha kwanza nikakuta mahali umeme wa nje ulipoingilia. Gari hilo lilikuwa na umeme wa aina mbili, ule mdogo wa betri na ule mkubwa wa nyumbani, wa kuendeshea friji, na huo mkubwa uliletwa na kebo ndefu iliyochomekwa kwenye duka au kinu chochote cha kusaga unga kilichokuwa karibu. Kebo ya wazungu ilikuwa imeibwa. Dereva, mzee mmoja mnyamavu, alikuwa ameweka nyingine ya nyaya mbili tu, na mwisho wake plagi ya miguu miwili, ile ya kusukumwa na biro. Ndani ya kasha, waya wa tatu, wa kijani na manjano, uliotoka kwenye bodi ya gari, ulikuwa unaning'inia bila kushikana na chochote. Huo ndio waya wa ardhi. Kazi yake ni kuubeba umeme uliopotea njia na kuuzamisha udongoni kabla haujampata mtu. Leo ningejua la kufanya kwa macho yaliyofumbwa: kebo mpya ya nyaya tatu, fimbo ya shaba ipigwe ardhini, basi. Siku hiyo nilijua kitu kimoja tu duniani, kwamba bodi ni negativu. Kulikuwa na waya wa moto na waya wa kurudi. Waya wa kurudi ndio negativu, sivyo? Basi mwenzake ni bodi. Nikauchukua ule wa kijani nikausokota pamoja na waya wa kurudi, nikazungusha tepu, nikafunga kiti. Mzee Mukhwana alichungulia, akatafuna, akasema, "Ndio hivyo."

Na kutekenya kukaisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba lilifanya kazi. Dereva alichomeka plagi pale gereji, Sista akasimama nje akashika mlango, akanitazama juu ya miwani. Hakuna kitu. Wiki hiyo hiyo waliponipeleka Likuyani kuona kliniki ikifanya kazi, mama mmoja aliyekuwa na boma karibu na kinu alituita tule, akatuandalia ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali wa moto, na nilipewa firigisi, kipande cha wanaume, mimi msichana, mbele ya dereva mwenye mvi. Wanawake walicheka wakasema sasa hata wanaume watavishwa aprini. Nilikula mpaka nikafungua kifungo cha ovaroli. Tulipotoka nje mbwa wa kinu alikuwa amelala kwenye umande kando ya ngazi ya gari, akajinyoosha, pua ikagusa chuma. Alilia mara moja, akakimbilia mahindini. Mwenye kinu akampigia mluzi na hakurudi. Tulidhani nyuki. Mimi ndiye niliyesema nyuki.

Sasa nieleze jambo ambalo sikulijua, maana bila hilo hutaelewa mengine. Plagi ya miguu miwili haina juu wala chini. Unaweza kuisukuma hivi, au ukaigeuza ukaisukuma vile, na friji itaunguruma sawa tu. Lakini nilikuwa nimeufunga mwili mzima wa gari kwenye waya mmoja kati ya ile miwili. Plagi ikiingia upande mmoja, waya huo unakuwa ule mpole na gari linakuwa salama kabisa, salama kuliko awali. Ikiingia upande wa pili, gari zima, mlango, ngazi, bampa, linakuwa waya wa moto. Na kwa sababu limesimama juu ya matairi ya mpira, hakuna fyuzi itakayokatika na hakuna cheche itakayoruka. Linakaa tu pale sokoni, jeupe, linangoja. Aliye ndani hahisi kitu. Aliyevaa gambuti hahisi kitu. Anayehisi ni yule aliyesimama pekupeku kwenye udongo na kunyoosha mkono, na mimi ndiye mtu pekee katika kliniki ile ambaye hakuwahi kusimama hivyo.

Dereva wetu alikuwa mtu wa mazoea, na mara nyingi alichomeka plagi kwa namna ile ile, maandishi yakitazama juu. Mara nyingi, si zote. Kuanzia mwezi wa pili nikaanza kuitwa. Nikafika, nikashika mlango kwa kiganja kizima, nikagusa ngazi, nikazunguka gari nikipiga piga bodi kama mtu anayenunua ng'ombe. Kimya. Kumbe kila nilipoitwa, dereva alikuwa ameshachomoa plagi kwa hofu na kuirudisha, na ikirudi inarudi upande wake wa mazoea. Ugonjwa uliisha daktari alipoingia. Niliporudi gereji nilimwambia Mzee kwamba wanawake wa huko wanapenda hadithi, naye akasema wanawake wa kila mahali wanapenda hadithi, tukacheka wote wawili.

Lakini kuna siku niliwasikia na sikucheka. Nilikuwa ndani, nimejilaza kwenye kiti cha bluu nikingoja mvua ipungue, na nje, chini kabisa ya dirisha, akina mama wawili walikuwa wamejikinga kwenye ubavu wa gari bila kuligusa. Mmoja akasema, "Hii nyumba inaumanga." Mwenzake akasema, "Haiumi kila mtu. Inachaguanga." Wa kwanza akauliza inachagua namna gani. "Wiki ile nyingine tuliingia watu wengi sana. Ikakamata Mama Brayo peke yake. Sasa wewe jiulize Mama Brayo amekosana na nani." Wakashusha sauti, wakaingia katika Kiluhya cha Kikabrasi ambacho mimi wa Isukha nilikifuata nusu nusu, na katika nusu hiyo nikasikia majina ya watu. Nilikaa kitini nikitazama lile zulia jeupe. Kama ningeshuka wakati ule nikawauliza, Mama Brayo alikuwa amesimama wapi, alikuwa amevaa nini miguuni, stima ilikuwa imetoka duka gani, ningekuwa nimeanza kazi yangu. Nilijifunika koti.

Aliyeanza kazi yangu ni Sista Nekesa. Alikuwa ameandika nyuma ya daftari lake la chanjo kila aliyeumwa, na siku moja pale Matete aliniita nje akanisomea. Wote wameumwa nje, hakuna wa ndani. Wote ni wagonjwa, si yeye, si dereva. Wote pekupeku. "Sasa fundi," akasema, "vua hizo gambuti. Oga miguu hapo kwa beseni kama wao, simama kwa nyasi, shika mlango. Kila mahali tukifika, kabla ya mtu yeyote. Kisha tutajua." Akina mama walikuwa kwenye mstari wakitutazama. Nikaona picha hiyo, mimi fundi niliyepewa firigisi, nikiosha miguu mbele ya watu ili nishikishwe mlango wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Sista, mimi si mgonjwa wako. Nimepima, gari ni zima." Akafunga daftari. "Basi siku za kliniki za mwezi huu utakuwa unakuja na sisi," akasema, "na utakaa mpaka tumalize." Nikakubali kwa hasira.

Siku ya tatu ya kwenda nao ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Matete tena, mvua ndefu zimeanza, uwanja wote tope jekundu. Kebo ilikuwa imechomekwa kwenye duka moja kando ya uwanja. Katikati ya asubuhi stima ikapotea. Mimi nikavuka hadi kibanda cha chakula kilichotazamana na duka lile, nikaagiza chapati na maharagwe. Nakumbuka maharagwe yalikuwa yametiwa nazi ya unga na mwenye kibanda alijisifia hilo. Kwa pale nilipokaa niliona duka lote. Mwenye duka alichomoa plagi yetu akachomeka redio yake, ajue stima ikirudi. Ikarudi, redio ikapiga kelele, akachomoa redio. Akatoa biro sikioni, akaisukuma juu, akaokota plagi yetu mezani, akaigeuza geuza kidogo vidoleni akitafuta namna, akaisukuma. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu, kijiko kiko mdomoni. Nikaendelea kula.

Kwenye mstari, waliokuwa wamefikia mlango ni wanawake wawili waliokuja pamoja. Wa mbele alikuwa mrefu, amejifunga leso ya njano, jina lake Selina. Nyuma yake alikuwa Rispa, mdogo wake kwa miaka, na mtoto mgongoni. Walikuwa wake wenza, ingawa hilo nililijua baadaye. Rispa alikuwa na matope mpaka kwenye goti, akawa anataka kujiosha vizuri, basi Selina akampokea mtoto, akamimina maji ya jagi yeye mwenyewe juu ya miguu ya mwenzake. Kisha akasogea pembeni. Nilimsikia kutoka kibandani, maana mvua ilikuwa imetulia. Alisema, "Tangulia wewe, mtoto wako analia."

Rispa akanyoosha mkono.

Sitaeleza sana. Mkono haukutoka pale mlangoni. Alitoa sauti fupi, kisha hakuna sauti. Dereva ndiye aliyekimbilia dukani akaing'oa plagi pamoja na kebo, na Sista akaruka nje, akapiga magoti topeni na miwani yake, akafanya kazi juu ya kifua cha yule mama kwa muda ambao sikuwahi kujua ulikuwa mrefu kiasi gani. Hakurudi. Selina alisimama na mtoto mikononi, jagi tupu miguuni pake. Watu walirudi nyuma wakaacha nafasi kubwa kulizunguka gari, na kulikuwa na nafasi nyingine, ndogo, kumzunguka Selina, ambayo sikuitilia maanani wakati huo. Mimi niliingia garini. Nilifunua kiti cha bluu. Nikaona tepu yangu, na chini ya tepu msokoto wangu, na nikakumbuka vidole vya mwenye duka vikiigeuza plagi, na ikanijia yote kwa pamoja, kuanzia mbwa. Nikatoa koleo, nikakata msokoto, nikautenganisha waya wa kijani uning'inie kama nilivyoukuta, nikaitia tepu mfukoni, nikafunga kiti. Nje watu walikuwa wakilia kwa sauti. Hakuna aliyeniona.

Askari walipokuja waliniuliza mimi, maana ni nani mwingine wa kuulizwa? Niliwaambia stima ya siku za mvua haitabiriki. Niliwaambia nimelipima gari lote, mbele yao nikalipima tena, na ni zima. Hilo la pili lilikuwa kweli, saa hiyo. Mwenye duka hakushikwa, dereva hakushikwa, mimi nikashukuriwa. Mzee Mukhwana akaniambia kazi ya umeme ina siku zake.

Tulikwenda mazishini, Sista, dereva na mimi. Tuliwekwa chini ya turubai tukaletewa obusuma na nyama. Nyuma yangu, kwenye benchi la pili, wanawake walikuwa wakila na kuzungumza bila kunong'ona. Mmoja akauliza imekuwaje watu wote wa asubuhi ile washike mlango ule ule wasifanyike kitu. Mwingine akasema labda gari lilikuwa bovu. "Hapana," akasema wa tatu, mwanamke mzima, mwenye sauti ya mtu asiyependa uongo. "Fundi mwenyewe amesema gari ni zima. Amepima mbele ya polisi. Kama gari ni zima, basi ni mtu." Akalamba vidole. "Na ni nani alimmwagia maji miguuni? Ni nani alikuwa mbele, akamwambia tangulia?" Nilikuwa na tonge mkononi. Nililitazama, nikalichovya kwenye mchuzi, nikalimeza. Kisha nikachukua lingine, kwa sababu mtu akiacha kula mazishini huulizwa ana nini. Sista Nekesa alikuwa amekaa mkabala nami na alikuwa ameyasikia pia. Aliniangalia na akangoja. Nilimwomba dereva chumvi.

Kabla ya mwaka kwisha niliondoka gereji nikaenda chuo, na huko katika wiki ya pili mwalimu alichora ubaoni nyaya tatu na kueleza kwa dakika kumi kile kilichomuua Rispa. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje. Gari lilisukumwa nyuma ya kanisa likaota nyasi. Sista alihamishwa. Nilijenga jina langu, nikajenga vyumba Shirere, na katika kila chumba nimepiga waya wa ardhi kwa mkono wangu mwenyewe, na niliamini hiyo ni namna ya kulipa. Habari za Selina zilinifikia mara mbili tatu miaka ya mwanzo: nyumba yake imechomwa, amefukuzwa bomani, hawajui yuko wapi. Kila mara nilijiambia wenyewe wana mambo yao ya ndani. Namna nilivyolala usingizi sijui, lakini nililala.

Sasa turudi kwenye kile kiti cha plastiki. Nilimwita Tabitha jikoni jioni ile ile kabla ya jua kuzama, nikampikia chai ya kweli, nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianza na plagi, nikirudi kwenye gereji, nikijitetea na umri wangu. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, "Ulijua siku ile ile?" Nikasema ndiyo. Akamaliza chai, akaosha kikombe chake, akakirudisha kabatini, akaenda chumbani. Siku mbili hakunisalimia. Siku ya tatu akasimama mlangoni kwangu asubuhi, amevaa vizuri, na mkoba. "Mama mkubwa yuko Matete," akasema. "Nimepiga simu nyumbani nikauliza. Hawakutaka kunielekeza, nikawaambia nitatafuta mlango kwa mlango. Twende." Ni mara ya kwanza kumsikia akimwita Selina mama mkubwa.

Selina anaishi chumba kimoja nyuma ya soko, huuza mboga za kienyeji, mrenda na kunde, kwenye gunia mbele ya mlango wake. Ni mzee sasa, mrefu bado, mwenye tabia ya kutomtazama mtu usoni. Tabitha alipojitaja, yule mama aliweka kisu chini akaificha mikono yake chini ya leso, kana kwamba msichana angeogopa kuiona. Hakutukaribisha ndani. Tulikaa kwenye viti vifupi nje, na nikaeleza. Safari hii nilianza na waya. Nilichora kwa kijiti kwenye udongo: gari, nyaya mbili, duka. Nikamwonyesha mahali nilipofunga. Nikamwambia niliuona mwili, nikaukata waya, nikawaambia watu gari ni zima, na kwamba nilisikia mazishini wakimtaja yeye, na nikala.

Mteja akaja, Selina akampimia mrenda, mteja akaenda. Kisha akazungumza akiutazama mchoro. "Asubuhi ile nilikuwa nimeamka na hasira," akasema. "Mume wetu alikuwa amelala kwake Rispa mwezi mzima. Nilikuwa namwagia huyo msichana maji na moyoni nilikuwa naomba. Niliomba, Mungu, huyu mtu mtoe mbele ya macho yangu. Ndio nikamwambia tangulia. Na Mungu akamtoa saa hiyo hiyo." Akapangusa mdomo. "Walipokuja kunichomea nyumba hawakunionea. Ndivyo nilikuwa najua. Nilikubali mbele yao. Niliwaambia ni mimi, ni mimi nilimuua, nisameheni. Hii miaka yote sijaingia kanisani, sijashika mtoto wa mtu. Mjukuu wangu amezaliwa hapa Matete, sijamshika."

Tabitha alitoka kwenye kiti chake akaenda kukaa chini, kando yake, juu ya lile gunia la mboga. Niliomba msamaha, na neno lenyewe likawa dogo mdomoni, likanitia aibu.

Selina aliinama karibu na mchoro, akaweka kidole kwenye mstari. "Huu ni ule wa moto?" Nikasema ndiyo. "Na huu wako, uliufunga lini? Kabla mimi sijaomba?" Nikamwambia miezi mitatu kabla. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Akaniambia nieleze tena, pole pole. Nikaeleza tena. Akainuka kwa kushika bega la Tabitha, akaenda mpaka mlango wa pili, akagonga, akatoka mama mmoja akifuta mikono. Akaenda mlango wa tatu. Akamwita kijana wa bodaboda, akamwita kinyozi na mteja wake ambaye alikuja na povu shingoni. Walipofika wakasimama kuzunguka mchoro, naye akarudi kwenye kiti chake, akaitoa mikono chini ya leso akaiweka magotini, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Hawa wananijua," akasema. "Waambie."

Nikaanza: kulikuwa na gari la kliniki, na waya fulani ulikuwa umefungwa vibaya.

"Hapana," akasema Selina. "Anza kwa ni nani aliufunga."